Moshi wa Gari la Daktari

Kabla ya homa, mume wangu alikuwa fundi wa kusikiliza. Gari likiingia uani kwetu, Shinyanga mjini, hakuinuka haraka. Alibaki amekalia tairi bovu, kikombe cha chai mkononi, kichwa amekiinamisha upande mmoja. Likizimwa, alikuwa tayari anajua pa kuanzia. Mwenye gari hajafungua hata mlango, yeye ameshamwambia kwamba beringi ya gurudumu la nyuma imekwisha, au kwamba plagi moja haichomi. Watu walicheka wakidhani anabahatisha. Baadaye walilipa na kwenda kumsifia kwa wenzao.

Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, binti wa wafugaji wa Mhunze, Mkristo. Yeye alikuwa Mwislamu, mjukuu wa mfanyabiashara aliyetoka Ujiji enzi za reli. Kwetu hawakupenda, kwao hawakupenda, tukafunga ndoa bomani, mashahidi wetu wakiwa mwalimu mwenzangu na muuza vipuri mmoja. Hakuniita kwa jina langu hata mara moja. Aliniita Mwalimu, nami nikamwita Fundi, na majina hayo yakatutosha.

Homa ya uti wa mgongo ilimpata miaka michache baada ya ndoa. Alilala hospitali siku nyingi, macho yamefumba, shingo imekakamaa kama mti. Nilipeleka uji kila asubuhi na kuurudisha ulivyo. Siku aliyofumbua macho, mama yake alikuwa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili, tukipiga kelele za furaha. Alitutazama, akamtazama muuguzi, akaniuliza kwa hasira kidogo:

"Mbona mnanong'ona?"

Hatukuwa tunanong'ona. Mama yake alikuwa anapiga vigelegele.

Masikio hayakurudi. Sauti yake ilibaki, ila hakujua tena kuipima. Sokoni alinong'ona, na msibani akapaza sauti. Mimi nilibeba chaki mfukoni kama ilivyo kazi yangu, na kibao kidogo cha kuandikia cha watoto kikawa hakitoki mkononi mwangu. Kwa mambo madogo tulikuwa na ishara: vidole mdomoni ni chakula, kiganja shavuni ni kulala, kuvuta sikio ni mgeni amefika. Binti yetu alizaliwa mwaka uliofuata. Aliposhika kusema, Fundi alimweka mapajani na kumbandika kiganja mgongoni, akasikia maneno yakitetemeka humo ndani, kisha akaniuliza mimi:

"Sauti yake ikoje?"

Niliandika: NYEMBAMBA. KAMA YA MAMA YAKO AKIKASIRIKA. Akacheka mpaka mtoto akalia.

Lakini kazi ilimponyoka. Wenye magari walihamia gereji nyingine, na yeye hakuwalaumu. Alitengeneza baiskeli, vyerehani, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, pampu za maji. Alisema vitu hivyo havina siri, ukivishika vinajieleza. Gari likija alibadilisha tairi au betri, basi. Mwenye gari akisema kuna mlio, Fundi alitikisa kichwa na kumwonyesha njia ya gereji ya jirani. Kisha alikaa kwenye lile tairi lake muda mrefu, bila chai. Aliishi hivyo zaidi ya miaka kumi.

Daktari alikuja katikati ya miaka ya themanini, wakati sabuni na sukari ni vya foleni na petroli inapatikana kwa kujuana. Alikuwa mwanamke wa Geita, aliyesoma Ulaya miaka mingi, akarudi na gari. Mji mzima ulilijua. Lilikuwa la rangi nyekundu iliyokolea, pua ndefu, na lilikwenda kimyakimya kama paka. Ila Daktari akilikanyaga kulipita lori la pamba, lilitoa moshi nyuma kiasi cha kulifunika lori zima. Watoto wa shuleni kwangu walilipa jina: Tanuru.

Mimi nilimfahamu kwa sababu ya binti yetu, ambaye malaria ilimzidi nikampeleka hospitali. Fundi alikuja kumwona mtoto akiwa na grisi kwenye kucha. Daktari aliitazama mikono ile, akaniuliza mume wangu anafanya kazi gani. Nilipomwambia, macho yake yalibadilika.

"Mama, nina gari linaloniaibisha," alisema. "Naomba alitazame."

Nilimwandikia Fundi kibaoni. Alisoma, akatikisa kichwa, akasema kwa sauti iliyomwamsha mgonjwa wa kitanda cha pili:

"Mwambie nashukuru, lakini hilo lina tabo. Tabo ni ya kusikilizwa. Inapiga mluzi, na fundi anajua ugonjwa kwa mluzi. Mimi si mtu wa kazi hiyo tena."

Daktari alisikia bila mimi kumwambia. Wodi nzima ilisikia. Akachukua chaki kutoka mkononi mwangu, akaandika mwenyewe: TATIZO LANGU NI MOSHI. MOSHI HAUSIKIKI, UNAONEKANA.

Fundi alisoma. Akanitazama mimi kana kwamba ni mimi niliyempangia maneno yale. Kisha akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo.

"Alete," alisema, safari hii kwa kunong'ona.

*

Gari lilikuja Jumamosi, Daktari mwenyewe akiliendesha. Fundi alilizunguka, akafungua boneti, akaitazama injini. Nilimwomba anieleze hiyo tabo, maana kwa umri wangu wote nilikuwa nimelisikia neno tu. Alinionyesha kitu cha chuma kilichojikunja kama konokono, kimeshikamana na bomba la moshi.

"Gari la kawaida linavuta hewa lenyewe, kama wewe unavyopumua," alisema. "Hili linalazimishwa. Moshi ukitoka kwenye injini unapita hapa, unazungusha feni ndogo. Feni hiyo inazungusha feni nyingine upande huu, na hiyo ya pili inasukumia injini hewa kwa nguvu. Hewa nyingi, petroli nyingi, nguvu nyingi. Lakini mpaka ukanyage sana. Ukiendesha taratibu, tabo imelala."

Alichomoa plagi, akakuta mbili zina utando wa oili. Akatazama kipimo cha oili, kilikuwa chini. Daktari alikiri kwamba huongeza oili kila akienda kujaza petroli. Fundi alifuta mikono, akavuta pumzi, akatoa hukumu yake:

"Ringi za pistoni zimekwisha. Oili inapanda juu inaungua pamoja na petroli. Lazima injini ishuke."

Kushusha injini ya gari kama lile wakati ule ilikuwa sawa na kulizika. Ringi zake zisingepatikana Shinyanga, wala Mwanza, pengine wala Dar es Salaam. Daktari alisikiliza, akashukuru kwa adabu, akakaa kwenye benchi langu la jikoni. Nikampa chai. Aliishika bila kunywa.

"Mume wangu ndiye aliyelichagua," aliniambia. "Alifariki huko huko, kabla hatujarudi. Mimi sikujua hata kuendesha. Alinifundisha kwa gari hili." Akakizungusha kikombe. "Kuna mnunuzi wa dhahabu kule Bugarama ananisumbua nimuuzie. Anataka injini ya kusagia mawe. Nimekuwa nikimkatalia."

Sikuweza kuyaandika yote hayo kwenye kibao kidogo. Niliandika: LA MAREHEMU MUMEWE. Fundi alisoma, akafuta kwa kiganja, akarudi kwenye gari. Alisimama pale muda mrefu. Nilimjua vya kutosha kuona kwamba hukumu yake imeanza kumwasha.

"Mwalimu," aliniita mwishowe. "Nimesema ringi kwa sababu ringi ndizo ninazozijua. Sijauona huo moshi ukitoka. Nataka kuuona. Lakini siwezi kuendesha na kutazama nyuma, na huyu mama akiendesha mwenyewe hakanyagi inavyotakiwa, anaonea gari huruma. Nitaendesha mimi. Wewe utatazama."

Niliandika: SIJUI MOSHI.

"Nitakufundisha," alisema.

Na alinifundisha, kesho yake asubuhi kabla sijaenda kanisani. Aliwasha jiko la mkaa uani, akaweka juu yake kipande cha bati nene mpaka kikawa chekundu pembeni. Akadondoshea oili ya injini. Moshi ulioinuka ulikuwa mzito, wa rangi ya bluu hafifu kama ya kunguru akiwa juani, na harufu yake ilinikaa kooni. "Huu ni wa oili," alisema. Akachovya tambi ya kitambaa kwenye petroli, akaiwasha mbali na jiko. Moshi mweusi ukapanda na chembe za masizi zikaniangukia mkononi. "Huu ni wa petroli iliyozidi hewa. Gari lenye tabo likikanyagwa ghafla linaweza kutoa mweusi kidogo, huo usikutishe." Mwishoni akanyunyizia bati maji, likafuka mvuke mweupe uliopotea kabla haujafika kwenye paa. "Huu ni wa maji. Asubuhi kila gari linatoa. Likitoa mchana kutwa, hapo maji yanaingia ndani ya injini."

Alirudia mara kadhaa. Alinifumba macho kwa kiganja, akanigeuza, akanifumbua nitaje. Nilikosea bluu na nyeupe, akarudia tena bila kuchoka. Nilikuwa nimefundisha watoto wa watu miaka mingi, na sikuwahi kuwa na mwalimu mwenye subira kama yule. Binti yetu alitukuta hivyo, baba yake amenifumba macho katikati ya moshi, akauliza kama tuna akili timamu.

Jumapili enzi hizo magari binafsi hayakuruhusiwa barabarani baada ya saa nane mchana, kwa hiyo ilibidi tutoke mara baada ya ibada. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na vumbi limelala, hatukutaka kuikosa nafasi hiyo. Fundi alinisubiri nje ya kanisa ndani ya Tanuru, Daktari akiwa zamu hospitali. Nikaingia kiti cha nyuma na gauni langu la Jumapili, nikapiga magoti juu ya kiti, nikawageukia waumini wenzangu kupitia kioo cha nyuma. Mzee wa kanisa aliinua kofia. Mama mmoja wa kwaya alipiga ishara ya msalaba.

Tulikuwa tumepatana ishara. Moshi wa bluu, nimpige bega la kulia. Mweusi, bega la kushoto. Mweupe, nimvute kola. Ukikoma, niondoe mkono.

Tulishika barabara ya Tinde, pale penye kipande kirefu kilichonyooka kati ya mashamba ya pamba. Mwanzoni alikwenda taratibu. Nyuma yetu barabara ilikuwa safi, nyekundu, yenye madimbwi. Kisha nikasikia injini ikikaza, na ndani ya sauti yake ukazaliwa mluzi, mwembamba, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa mbali sana. Mluzi ukapanda. Gari likaruka mbele, nikabamiza paji la uso kwenye kioo. Na mara, nyuma yetu, barabara ikapotea.

Bluu. Nilimpiga bega la kulia kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Aliachia mafuta, na moshi ukakatika palepale, kama mtu aliyefunga mlango. Nikaondoa mkono. Akakanyaga tena. Injini, mluzi, kusukumwa, moshi. Akaachia, ukakatika. Tulirudia mpaka mchungaji mmoja wa ng'ombe alipotusimamisha kutuuliza kama tunahitaji msaada.

"Mwangaluka," nilimsalimia kwa Kisukuma, nikamwambia hatuna shida, tunatazama moshi tu. Alinitazama mimi niliyepiga magoti, akamtazama Fundi, akaswaga ng'ombe wake.

Fundi alizima gari pembeni ya barabara, akageuka. "Niambie yote."

Nilichukua kibao. Nilifikiri nitaandika nini, maana nilikuwa nimeona mengi. Mwishowe niliandika lile lililonishangaza: MOSHI UNAKUJA BAADA YA MLUZI. KABLA YA MLUZI HAKUNA KITU.

Alisoma, akakinyanyua kibao karibu na macho kana kwamba kimeandikwa kwa herufi ndogo.

"Una hakika? Kabla ya mluzi hakuna?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akaliwasha gari palepale limesimama, akalikanyaga bila gia, injini ikalia, mluzi haukuja. Nilishuka nikasimama nyuma. Hakukuwa na moshi.

Alikaa mikono imeshika usukani. "Ringi zikiwa zimekwisha," alisema polepole, "moshi ungetoka hata hapa. Ungetoka bila kungoja mtu. Nimekosea, Mwalimu." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama mtu aliyepewa kitu mkononi. Akakirudisha kibao kwangu, kisha akanishika mkono uliokuwa na chaki, akaushika hivyo mpaka tulipoona jua limepanda na tukakumbuka saa nane.

*

Jioni Daktari alikuja uani kwa miguu akiwa bado na koti lake jeupe. Fundi alifungua kifuniko cha kujazia oili, injini ikiwa inanguruma taratibu, akaweka kiganja juu ya tundu. Kwa kiganja hicho alikuwa akijua mengi ambayo zamani aliyajua kwa sikio. Pumzi iliyotoka humo ilikuwa ndogo, ya kawaida. Injini yenyewe ilikuwa nzima.

"Ikitulia inapumua vizuri," alituambia. "Tabo ikiamka, kuna nguvu inaingia mahali isipotakiwa. Inaisukuma oili ipite isipopaswa kupita. Sijui inaingilia wapi."

Daktari aliinamia pale chini, akachukua chaki yangu na kuchora kwenye sakafu ya saruji. Nilidhani anachora embe. Ulikuwa moyo.

"Kwenye moyo kuna vilango vidogo," alisema, nami nikamwandikia Fundi maneno makuu. "Damu inaruhusiwa kwenda mbele, hairuhusiwi kurudi. Kilango kikiharibika, mgonjwa akiwa amekaa mbele yangu naweza nisijue. Namwambia apande ngazi. Akipanda, ndipo naona."

Fundi aliutazama mchoro, kisha akasimama bila kutuaga, kama mtu aliyeitwa. Alianza kufuata mipira midogo ya hewa ya injini, mmoja baada ya mwingine, kwa vidole. Tulimshikia tochi. Chini kabisa, nyuma ya mpira mnene uliojaa mafuta, alikuta mpira mwembamba unaotoa pumzi ya ndani ya injini, na katikati yake kikopo kidogo cha plastiki kisichozidi kizibo cha chupa. Alikichomoa, akakisafisha kwa mafuta ya taa, akakipuliza upande mmoja. Hewa ikapita. Akakigeuza, akakipuliza upande wa pili. Ikapita.

"Puliza," aliniambia.

Nikapuliza huku na huku. Daktari naye akakichukua, akapuliza. Tulikuwa tumesimama watatu, mwalimu, daktari na fundi, midomo yetu myeusi kama ya watoto waliokula zambarau, na binti yetu akajikunja mlangoni kwa kicheko.

Kikopo kile ndicho kilikuwa kilango. Kazi yake ilikuwa kuruhusu pumzi ya injini itoke na kuzuia hewa ya tabo isirudi. Kilikuwa kimepasuka ndani kwa joto. Gari likiendeshwa taratibu hapakuwa na cha kuzuia, hivyo halikuonyesha ugonjwa. Likikanyagwa, hewa ya tabo ilirudi kwa mpira ule, ikaijaza injini tumbo, na oili ikatafuta pa kutokea, ikaenda kuungua.

Kilango kipya hakikuwepo, wala hatukukitafuta. Nyuma ya uwanja wetu kulikuwa na gari bovu lililoota nyasi. Fundi alitoa kwenye bomba la breki zake kivalvu kinachofanana na kile, akakipuliza. Upande mmoja hewa ilipita, upande mwingine ilikataa. Akakifunga kwa vibano viwili mahali pa kile kilichopasuka.

Asubuhi tulilipeleka barabarani. Lilitoa moshi. Bluu, bega la kulia.

Uso wa Fundi ulisawijika. Aliendesha kurudi nyumbani, akaingia chumbani akajilaza na viatu. Nilimfuata na kibao, nikakiweka chini. Nikalala pembeni yake na gauni la shule. Baada ya muda alisema kwa ule mnong'ono wake, akitazama dari:

"Inaweza kuwa oili ya zamani. Imejaa mabomba yote mpaka kwenye ekzosi. Lazima iungue yote ndiyo ikome. Lakini pia inaweza kuwa mimi sijui kitu." Akageuza uso. "Zamani ningesikiliza tu."

Nilimwekea kiganja shavuni. Ilikuwa ishara yetu ya kulala, lakini alijua kwamba safari hiyo sikumaanisha kulala.

*

Daktari alikuwa na safari ya kwenda Geita kumwona mama yake, ambaye alikuwa mgonjwa na ambaye Daktari alikuwa bado hajamtia machoni tangu arudi kutoka Ulaya. Alisema atakwenda na Tanuru hivyo hivyo, na kwamba atafurahi tukimsindikiza. "Likifa njiani nitakuwa na fundi," alisema. Nadhani alikuwa anampa Fundi nafasi, na alikuwa na busara ya kutosha kutolisema hilo.

Tulitoka alfajiri. Daktari aliendesha, Fundi mbele pembeni yake, mimi nyuma nimepiga magoti kama mtoto mtukutu. Tinde, Isaka. Kila Daktari alipokanyaga niliona bluu, nikamgusa Fundi bega. Tulipofika Kagongwa, magunia ya mpunga yamepangwa kando ya barabara, niligusa bega kwa ncha za vidole tu, maana moshi ulikuwa umepungua ukawa kama wa sigara. Alinigeukia, nikamwonyesha kwa kidole gumba na cha shahada: kidogo hivi. Hakutabasamu. Aliogopa kutabasamu.

Kahama tulikunywa chai. Baada ya hapo barabara ilikuwa mbaya, na kwa muda mrefu hakukuwa na mahali pa kukanyaga. Bugarama tuliwapita wachimbaji wakitoka kwenye maduara yao, mashimo ya dhahabu, weupe kwa vumbi la mawe kuanzia nywele mpaka miguu. Baadhi waliacha sururu wakalishangilia gari. Daktari aliwapungia mkono.

Kisha vikaja vilima vya Geita. Kulikuwa na mpando mrefu, na barabara yake ilikuwa imechongwa karibuni. Daktari alipunguza gia. Fundi alinyoosha mkono, akauweka juu ya goti la Daktari kwa heshima, akalisukuma chini.

"Usilionee huruma," alimwambia.

Daktari akakanyaga. Mluzi ukapanda, ukapanda mpaka ukawa kama wimbo, miti ikaanza kurudi nyuma kwa kasi, nami nikang'ang'ania kiti na kutazama. Barabara ilikuwa nyekundu. Majani pembeni yalikuwa mabichi. Niliona jiwe tulilolikwepa, niliona kuku akivuka, niliona kilima chote tulichopanda mpaka chini kabisa, pamoja na uzi wa vumbi letu. Hakuna kingine.

Hatukuwa tumepatana ishara ya moshi usiokuwepo. Nilibaki na mikono hewani. Fundi alikuwa anasubiri, mabega yake yote mawili yamekakamaa, na ndipo nikamkumbatia shingoni kutoka nyuma, nikaweka shavu langu kwenye kichwa chake, mbele ya Daktari, mchana kweupe. Alielewa. Nilisikia kifua chake kikitetemeka, na sikutazama kama anacheka au analia.

Daktari alitazama mbele. Aliendelea kukanyaga hata mpando ulipokwisha, machozi yakimtiririka, na alipoona nimemwona kwenye kioo alisema, "Alikuwa anapenda milima, mume wangu. Huko tulikokuwa hakukuwa na milima."

Mama yake alitupokea akiwa amekalia mkeka, amedhoofu lakini macho makali. Tulimwamkia, akaitikia marahaba kila mmoja kwa zamu yake. Alimpapasa binti yake uso mzima kana kwamba anahesabu kilichobaki. Kisha aliomba aonyeshwe gari, tukamshika mikono mpaka nje.

"Ndilo lililokuleta?" alimuuliza binti yake.

"Ndilo, mama. Na hawa."

"Wabeja," alitushukuru kwa Kisukuma, akatushika mikono, wa Fundi akaushika muda mrefu zaidi. "Wabeja sana." Akaagiza tuchinjiwe kuku wawili, tukakataa mmoja, tukala wawili.

Tulilala Geita, tukarudi kesho yake. Mimi sikupiga magoti tena. Nilikaa kama watu, na Fundi akaja kukaa nyuma pamoja nami. Tulipokaribia Kagongwa alikuwa amelala, kichwa chake begani kwangu, mdomo wazi, mikono yenye grisi imelazwa mapajani pangu juu ya gauni ambalo lisingetakata tena. Daktari aliniuliza kama asimame tununue mchele. Nilimwomba aendelee kidogo, asimame mbele, ili Fundi asiamke.